Printa Isiyokuwepo

"Ikiganda, inagandaje?" Inspekta aliuliza.

Jaji alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji yanalowesha vipi. "Inaganda tu, inspekta. Mausi haisogei, herufi hazitokei. Naikodolea macho, nayo inanikodolea."

"Ghafla, au inaanza kwa kusinzia?"

"Inasinzia kwanza. Naandika neno, linatokea baada ya muda. Halafu kimya. Hapo sina la kufanya ila kuizima kwa nguvu na kuiwasha upya."

Inspekta aliinama chini ya meza na kuweka kiganja nyuma ya boksi la kompyuta. Feni ilikuwa inapuliza vizuri, na hewa iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu tu. Si joto, basi. Alifuta kiganja kwenye suruali na kubaki amechuchumaa pale, akitazama nyaya.

Kituoni walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba na mfupi, na alikuwa na kawaida ya kuingia mahali bila kishindo kisha kuchoma. Miaka yake ya mwanzo aliitumia kwenye kitengo cha makosa ya mtandao kabla ya kuhamishiwa upelelezi wa mashambulio, na ndiyo maana mkuu wake alimtuma yeye katika nyumba hii na si mwingine.

Hakuja kutengeneza kompyuta. Alikuja kwa ajili ya fundi nondo aliyelazwa hospitali akiwa na taya lililovunjika. Huyo ndiye aliyejulikana mahakamani kama Shahidi wa Nne katika kesi ya ghorofa lililoporomoka na kuua watu. Alikuwa tayari kusimama na kusema kwamba mkandarasi aliwaamuru wapunguze nondo kwenye nguzo. Mahakama ilizuia jina lake lisitajwe, na polisi wakamhifadhi kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Mama yake mzazi hakujua yuko wapi. Hata hivyo, juzi mchana kweupe, wanaume watatu walikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba kile. Hawakumuuliza mtu yeyote njia.

Waliojua mahali alipo walikuwa watatu: mwendesha mashtaka, askari aliyemhamisha, na jaji. Wale wawili wa kwanza Sindano alishawabana jana, wakatoka safi. Aliyebaki alikuwa mzee huyu mwenye sweta la kijivu, aliyesimama sasa katikati ya chumba chake cha kusomea akiwa na mikono nyuma.

"Mheshimiwa, turudie. Jina la shahidi na mahali alipo uliviandika wapi?"

"Sehemu moja tu. Kwenye rasimu ya amri ya ulinzi, ndani ya kompyuta hii. Faili lina nywila. Na nimeshakuambia, mashine yenyewe ni mgonjwa. Kitu kisichoweza hata kuandika ukurasa mmoja kitatoaje siri?"

"Imeanza kuugua lini?"

Jaji alifikiri. "Kabla ya kesi haikuwa hivi. Ilianza baada ya kusikiliza mashahidi wa mwanzo."

Sindano alivuta kiti, akakaa.

"Nani ameshaitibu?"

"Fundi wa pale kona alikaa nayo siku nzima. Halafu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kijana mwenye moyo mzuri sana. Alisema tatizo ni kumbukumbu, akaninunulia kipande kipya, kile mafundi wanachokiita ramu, chenye uwezo mara mbili ya kile cha zamani. Akakipachika mwenyewe na kukataa hata ahsante."

"Ikapona?"

"Ikapata nafuu. Wiki hii imeanza tena."

"Na kile kipande cha zamani?"

Jaji alifungua droo, akapekua chini ya kalamu na betri zilizokufa, akatoa kijibao chembamba cha kijani. "Sikuweza kukitupa. Sipendi kutupa vitu."

Sindano alizima kompyuta na kuifungua ubavu. Alichomoa kumbukumbu mpya, akapachika ya zamani, kisha akachomeka flashi yake yenye programu ya kupima. Kioo kikawa cheusi na mistari myeupe ikaanza kupanda taratibu. Kila mstari ulimaanisha sehemu moja ya kumbukumbu imeandikwa na kusomwa tena ili kuona kama inakumbuka sawasawa. Kumbukumbu mbovu husahau, na programu ile huonyesha makosa kwa rangi nyekundu.

"Hii itachukua muda," alisema. "Mtu asiiguse. Hata wewe, mheshimiwa, samahani."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Mlangoni alipishana na mke wa jaji, mwanamke mnene mwenye sauti laini, mkunga kwa kazi, ambaye leo hakuwa zamu. Alishika sinia la chai.

"Unaondoka kabla ya chai, dada?"

"Narudi sasa hivi, mama. Naomba uniwekee."

Mama huyo alichungulia ndani, akatazama kile kioo cheusi chenye mistari. "Mmeiharibu kabisa?"

"Tunaipima tu."

"Mdogo wangu alishaipima," alisema. Alipoweka sinia, kijiko kilianguka.

Duka la yule fundi wa kona lilikuwa kibanda cha mabati kilichojaa maganda ya kompyuta mpaka dirishani. Fundi alikuwa na kurunzi kichwani na mdomo uliojaa skrubu. Alipoona kitambulisho, alizitema skrubu kwenye kiganja moja moja, kana kwamba anajipa nafasi ya kufikiri.

"Kompyuta ya jaji? Sikuigusa."

"Ilikaa hapa siku nzima."

"Ilikaa. Sikuigusa."

"Ndugu yangu, kitu kimekaa dukani kwako siku nzima na hukukigusa? Basi wewe si fundi, wewe ni stoo."

Fundi alicheka bila kupenda. Kisha akaangalia barabarani, huku na huku. "Sitaki matatizo na watu wa jaji. Mimi niliiwasha tu nione kinachokula kumbukumbu. Maana mtu akiniambia inaganda, siendi kununua vipuri, naangalia kwanza nani anakula. Nikaona kuna kitu kinakula sana. Sijakaa vizuri nikifuatilie, akaja yule shemeji yake. Mbio mbio. Akaizima mikononi mwangu, akasema, 'Usijisumbue, kaka, ni ramu tu, nitaileta mwenyewe.' Sasa mteja akisema ni ramu, mimi nibishane naye?"

"Mbona hukumwambia jaji?"

"Nimwambie nini? Shemeji yako ana haraka?"

Sindano alimtazama kwa muda. Mtu huyu alikuwa na hofu, lakini hofu yake ilikuwa ya kupoteza wateja. Alishaijua hofu ya aina nyingine, na haikukaa machoni hivi.

"Huyo shemeji anafanya kazi gani?"

"Wakala wa saruji. Ana lori mbili. Anauzia wakandarasi wakubwa wakubwa."

Sindano hakuandika. Alishukuru, akageuka, akarudi kwa mwendo wa haraka kuliko aliokwenda nao.

Jaji alikuwa bado amekaa mbele ya kompyuta, mikono imekunjwa kifuani kama mwanafunzi aliyeambiwa asiguse. Kipimo kilikuwa kimekwisha. Hapakuwa na rangi nyekundu hata doa.

"Kumbukumbu yako ya zamani ni nzima," Sindano alisema. "Haikuwa na kosa tangu mwanzo."

"Kwa hiyo shemeji alikosea."

"Au hakukosea." Alivuta kiti karibu. "Mheshimiwa, ukiwa na ghala dogo na kila siku linajaa, unaweza kujenga ghala kubwa zaidi. Au unaweza kuuliza ni nani analeta mizigo. Shemeji yako aliharakisha kujenga ghala. Niambie, inaganda siku zipi? Fikiri vizuri."

"Haina siku."

"Kila kitu kina siku yake. Ukiwa unafanya nini?"

"Nikiandika tu. Tena ajabu ni kwamba inaganda zaidi mtandao ukikatika. Tangu waanze kuchimba barabara hapo nje, intaneti ya mtaa huu ni ya kusuasua. Ikikatika mimi nafurahi, najua sitasumbuliwa na barua pepe, nakaa niandike. Ndipo inapoganda."

Sindano aliacha kusogea. "Huhitaji intaneti ili kuandika."

"Sihitaji."

"Basi kwa nini kompyuta ijali kama ipo au haipo?"

Kwa miaka mingi jaji alikuwa amewauliza mawakili maswali ya namna hiyo, na sasa moja lilimkalia yeye.

Sindano aliiwasha kompyuta kwa njia ya kawaida, akamwomba jaji aingize nywila, kisha akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi, pamoja na kiasi cha kumbukumbu ambacho kila moja inatumia. Alichomoa waya wa intaneti. Akafungua ukurasa mtupu, akamwambia jaji aandike chochote. Jaji akaandika majina ya wajukuu wake. Akayafuta. Akaandika tena.

Programu ya kuandikia haikuongezeka. Lakini chini kabisa kwenye orodha, programu moja yenye jina la kipole ilikuwa inanenepa. Kila mara jaji alipoandika, namba yake ilipanda. Alipoacha, ilisimama. Alipofungua kurasa nyingine, ikaruka juu, na mausi ikaanza kuvuta miguu.

"Inaitwa Msaidizi wa Printa," Sindano alisema. "Printa yako iko wapi?"

"Sina printa. Nachapisha ofisini. Hatujawahi kuwa na printa katika nyumba hii."

Sindano alirudisha waya. Taa ndogo za modemu ukutani zikaanza kupepesa kwa kasi kama jicho lililoingiwa na vumbi. Namba ya Msaidizi wa Printa ikaanza kushuka, polepole, mpaka ikarudi kuwa ndogo. Mausi ikapona.

"Inapiga picha za kioo chako kila unapobadilisha kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Mtandao ukiwepo inazituma. Mtandao usipokuwepo inazirundika kwenye kumbukumbu zikisubiri, mpaka pumzi inakata. Faili lako lina nywila, sawa. Lakini ukishalifungua ulisome, nayo inasoma."

Jaji alivua miwani.

"Programu hii haiwekwi bila nywila ya kompyuta. Nani anaijua?"

"Mimi."

"Peke yako?"

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya maji yakimiminika kwenye sufuria.

"Na mke wangu," jaji alisema. "Huwa analipia umeme humu. Inspekta, usiende huko. Tumeishi pamoja maisha yetu yote."

Sindano aliweka kidole mdomoni. Alivuta kibodi upande wake, na kwenye ule ukurasa mtupu, bila kutamka neno, akaandika: *Mheshimiwa, usiseme kitu. Tumeipata. Naichukua kompyuta hii sasa hivi kuipeleka maabara ya polisi.* Akaondoa mikono. Akakaa.

Taa za modemu zilipepesa.

Maji jikoni yalinyamaza. Kisha zikasikika ndara zikiburuza korido, na mke wa jaji akatokea mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga, simu ikiwa imebanwa kwapani.

"Jamani, mnaipeleka maabara? Kuna picha za harusi ya binti yetu humo. Si mngeniambia nizitoe kwanza?"

Jaji alikuwa anamtazama mke wake kana kwamba ameingia mtu mwingine amevaa nguo zake.

"Nani amekuambia inaenda maabara, mama?" Sindano aliuliza.

"Si mmesema..."

"Hatujasema. Nimeandika."

Mama akashika ubao wa mlango. Ndipo simu ya jaji ikaita mezani. Sindano aliitazama, akabonyeza kitufe cha sauti kubwa, akamwashiria jaji aitikie.

"Shemeji!" sauti ya kijana ilijaa chumba, ya uchangamfu uliozidi kiasi. "Habari za hapo? Nasikia kompyuta inasumbua tena. Usimpe mtu aibebe, shemeji, watu wa siku hizi si wa kuaminika. Niko njiani, nakuja kuitazama mwenyewe."

"Karibu," jaji alisema. Sauti haikumtoka vizuri. Simu ikakatika.

Sindano hakuwa anamwangalia jaji. Alikuwa anamwangalia mama. Alitarajia kuona mtu aliyenaswa. Alichokiona ni mtu anayejumlisha hesabu na kukataa jibu lake.

"Umempigia?" Sindano aliuliza.

"Sijampigia." Mama aliitoa simu kwapani, akaitazama, akageuza kioo kwa inspekta. Pale palikuwa na ule ukurasa, na maneno ya Sindano mwenyewe. "Inakuja kwangu. Aliniambia inakuja kwangu tu. Dada, aliniapia inakuja kwangu tu."

"Kaa, mama."

"Yeye amejuaje?"

"Kaa kwanza."

Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, akimtazama mumewe na si inspekta. "Ulianza kufunga mlango. Nikiingia unafunika kioo. Nikikuuliza unasema kazi. Nikamwambia mdogo wangu, nikalia kwake, nani mwingine ningemwambia? Akasema, dada, kuna programu, utaona kama kuna mwanamke. Nikaingiza nywila kwa mkono wangu huu."

"Mwanamke," jaji alirudia.

"Ulikuwa unanificha kitu!"

"Nilikuwa nawaficha wote. Ndiyo kazi yenyewe. Na ukaona nini?"

"Kazi," mama alisema, na hapo ndipo machozi yakatoka. "Kila nikifungua, kazi. Makaratasi ya watu waliokufa. Nikaacha kuangalia, wallahi. Leo nimefungua kwa sababu ya huyu dada, nilikuwa naogopa atanigundua."

"Mama, ulisoma jina la Shahidi wa Nne?"

"Sijui Shahidi wa Nne ni nani."

Sindano alimwamini, lakini hakumwambia. Alipiga simu kituoni, akaomba askari wawili waje bila king'ora na waegeshe gari nyuma ya nyumba. Kisha akamwomba mama akae sebuleni na simu yake ibaki juu ya meza ya jaji.

Shemeji aliingia akitabasamu, kijana mtanashati mwenye shati lililopigwa pasi na begi dogo la vifaa. Alimsabahi jaji kwa mikono miwili. Alipomwona Sindano kwenye kiti cha mbele ya kompyuta, tabasamu lilibaki mahali pake lakini macho yalishaondoka.

"Wewe ndiye fundi?" Sindano aliuliza.

"Najaribu jaribu tu, dada."

"Tatizo ni nini, kwa maoni yako?"

"Kumbukumbu. Nilimwambia shemeji. Nimeleta kubwa zaidi." Alitoa kipande kipya kwenye mfuko wa shati, bado kimo kwenye karatasi yake.

"Mtu mwema sana. Kila ikianza kuganda unakuja na ghala kubwa zaidi, ili mwenye nyumba asiulize mizigo inatoka wapi. Nani alikuambia leo inasumbua?"

"Dada."

"Dada yako yuko hapo nyuma yako."

Aligeuka. Mama alikuwa ametoka sebuleni na kusimama kwenye korido, mikono imeshuka. Hakupiga kelele. "Nilikupigia saa ngapi?" aliuliza. "Sema. Nilikupigia saa ngapi?"

Kijana alitazama dirisha, kisha mlango, ambao sasa ulikuwa na askari. Begi la vifaa likamteleza bila yeye kujua.

"Picha hizi uliziuza kwa nani?" Sindano aliuliza.

"Sikuuza."

"Uliwapa."

"Alisema..." Alilamba midomo. "Mkandarasi alisema akiondoka kwenye mradi na mimi nimekwisha. Lori zote mbili zinabeba kwake. Alitaka tu kujua kesi inaendaje. Nikamwonyesha kidogo. Halafu akataka jina. Walisema watazungumza naye tu! Shemeji, naapa, walisema watamwomba tu asiende mahakamani."

"Walimwomba kwa nondo," Sindano alisema.

Askari walimchukua kwa mlango wa nyuma. Hakushindana nao. Alipopita karibu na dada yake alisema, "Nisamehe," na mama akageuza uso ukutani mpaka hatua zake zikaisha.

Sindano alifunga kompyuta, akachomoa nyaya moja moja na kuzibandika alama. Kazi haikuwa imekwisha. Kijana angeyakana haya yote akishapata wakili, na mkandarasi hakuwa mtu wa kunaswa kwa maneno ya shemeji wa jaji. Lakini picha zilikuwa zimetumwa mahali fulani, na mahali hapo pangeweza kufuatwa mpaka kwenye mkono uliozipokea.

"Nitajitoa kwenye kesi," jaji alisema. Alikuwa bado amekaa mbele ya meza ambayo sasa haikuwa na kitu isipokuwa alama ya vumbi. "Siri imetoka nyumbani kwangu. Siwezi kukaa pale juu tena. Watahitaji kuanza upya, mashahidi wote, tangu mwanzo."

"Shahidi wa Nne bado anataka kusema," Sindano alijibu. "Jana aliniandikia kwenye karatasi, taya limefungwa waya. Aliniuliza kesi ni lini."

Inspekta alikuwa ameshabeba boksi hadi kwenye gari na kufungua mlango wa dereva aliposikia ndara kwenye changarawe. Mke wa jaji alikuwa amevaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu mwingine, na hakuonekana kujua.

"Yule shahidi amelazwa hospitali gani?"

"Mama, siwezi kukupeleka kwake. Yuko chini ya ulinzi, na wewe ni sehemu ya kesi."

"Sitaki kumwona yeye. Ana mama?"

"Anaye. Anakaa hapo nje ya wodi tangu juzi. Hajui bado ni nani aliyetoa siri ya mwanawe."

"Basi nataka nimwambie mimi, kabla hajasikia kwa mtu mwingine."

"Hatakupokea vizuri."

"Najua."

"Anaweza kukutemea mate, mama. Mimi ningekutemea."

Mke wa jaji alizunguka upande wa pili wa gari, akafungua mlango mwenyewe, akaketi na kuvuta mkanda. Sindano alisimama kidogo akiwa na funguo mkononi. Kanuni zilikuwa wazi, na zilikataa. Akaingia, akawasha gari.

"Utakaa kwenye korido," alisema. "Nitasimama karibu nawe. Nikisema basi, ni basi."

"Sawa, dada," mama alisema, na wakatoka getini.